Siku ya Tisa ni ya Nani

Wivu hauhitaji hewa. Watu walipochaguliwa kuhamia Mirihi walipimwa mapafu, macho, damu, hata meno, na wenye vifua vibovu wakarudishwa makwao. Wivu haukupimwa na mtu. Ulipita mlangoni pamoja na abiria wa kwanza, ukashuka Bandari Kavu, mji uliochimbwa chini ya mwamba, na baada ya vizazi viwili ulikuwa na afya kuliko wenyeji wake. Adhuhuri moja, mwaka ukielekea ukingoni, ulikuwa umepiga magoti katika Chumba cha Jua, kifuani mwa Mize binti Ameir, mhesabu wa miaka wa mji.

Chumba hicho kilikuwa na giza na baridi. Darini palikuwa na tundu moja lililozibwa kwa kioo, na nuru iliyopita hapo iliangukia sakafuni ikawa duara dogo jeupe, likatambaa polepole hadi kwenye mstari wa shaba uliolazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Katika mstari huo palichongwa alama. Siku iliyowekwa, duara lilipokata mstari saa sita ya mchana, mhesabu alitazama jambo moja tu. Kama duara limeifikia alama, jua limewahi, na mwaka ni mfupi. Kama halijaifikia, jua limechelewa, na mji unalisubiri kwa siku moja zaidi, kama anavyosubiriwa mgeni aliyechelewa chakula. Huo ndio mwaka mrefu.

Mize akatazama. Ukingo wa duara ulikuwa umeigusa alama, umeilamba kidogo tu. Kitovu chake kilikuwa bado nyuma. Hapakuwa na shaka. Kwa kipimo alichokitetea yeye mwenyewe, mwaka ulikuwa mrefu.

"Mrefu," alisema peke yake, na neno lilipomtoka akauona mlango wa Shemsa, mke mwenzake, ukifungwa na mume wao yumo ndani.

Mwaka wa Mirihi una siku mia sita sitini na nane na kipande kinachozidi nusu. Watu wa Bandari Kavu walizigawa siku hizo kwa makumi, kama babu zao wa pwani walivyougawa mwaka wa Nairuzi, na makumi yalipokwisha zilibaki siku nane zisizo na kumi lao, siku za nyongeza. Katika siku hizo tanuri la chuma lilizimwa, karakana zikafungwa, na umeme wote ulioliwa na kazi ukapelekwa Nyumba ya Usingizi. Humo walilazwa kwenye baridi wagonjwa wasioweza kupumua bila mashine, maana mashine moja ya pumzi ilikula umeme wa mtaa mzima. Mji ulikuwa maskini wa umeme na sheria yake haikuwa na haya: umeme wa siku za kazi ni wa kazi. Siku za nyongeza wagonjwa waliamshwa, wakarudishwa majumbani na mashine zao, wakala, wakacheka, wakagombana na jamaa zao, kisha wakalazwa tena. Vipande vya siku vilipokusanyika vikatimiza siku nzima, waliishi na ya tisa. Kwa mtu mwenye afya zake, hiyo ni siku ya kufua nguo.

Vuai, mume wa Mize, alikuwa mmoja wao. Alichimba visima vya barafu mpaka vumbi likamjaa mapafuni. Siku chache nyuma daktari aliwaita wake zake wote wawili akawaambia bila kuzunguka kwamba moyo wa mume wao hautastahimili baridi tena. Ataamshwa mara hii moja. Siku za nyongeza zikiisha na tanuri likiwashwa, mashine itazimwa, naye hatarudishwa Nyumba ya Usingizi. Atazikwa.

Na zamu zilikatwa zamani. Siku nne za kwanza zilikuwa za Mize, mke mkubwa. Siku nne za pili za Shemsa. Siku ya tisa, ikiwapo, nayo ilikwenda kwa zamu: mwaka mrefu uliopita ilikuwa ya Mize, na mwaka mrefu huu ilikuwa ya Shemsa. Kwa hiyo Shemsa angekaa naye siku tano kwa mkupuo, na hiyo ya tano ndiyo ingekuwa ya mwisho ya Vuai duniani, au tuseme huko kusiko dunia. Angemshika mkono yeye. Angesikia neno lake la mwisho yeye. 

Mize akasimama, akakung'uta magoti, akatoka.

*

Mhesabu huingia Chumba cha Jua peke yake, kwa sababu pumzi za watu wengi hutia ukungu kwenye kioo. Wenzake wawili wa baraza la kalenda walimngoja mlangoni. Okoth, mkuu wa umeme, mtu mnene mwenye haraka, alikuwa ameshika saa yake mkononi. Wolde, ambaye wazee wake walitoka Gondar, alikaa chini ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha.

"Haya, Bi Mize, jua limesemaje?" Okoth akauliza. "Nipe neno moja tu. Tanuri halijui hadithi."

"Mwache apumue, ndugu yangu," Wolde akasema.

Mize akaangalia kucha zake. "Limefika. Ukingo umegusa alama. Mwaka ni mfupi."

"Alhamdulillahi, hata kama mimi si wa huko!" Okoth akacheka. "Asubuhi baada ya siku ya nane nawasha tanuri."

Wolde hakucheka. "Ukingo," alisema. "Na kitovu je?"

"Kitovu bado kidogo."

"Bi Mize, mwaka mrefu uliopita ukingo ulikuwa umeivuka alama kabisa. Ulisimama hapa hapa, ukatwambia ukingo ni nguo, kitovu ndiye mtu, na mtu hahesabiwi kuwa amefika kwa sababu kanzu yake imetangulia mlangoni. Nilikwenda kuwahadithia wanangu maneno hayo."

"Nilikosea wakati ule."

"Ulikosea," Wolde akarudia, taratibu, bila kuuliza wala kukubali.

Mtu atashangaa kwa nini mji wenye mashine za kupumulia watu haukuiachia mashine kazi ya kuhesabu mwaka. Ilijaribiwa. Mashine ilisema miaka mitatu katika kila mitano iwe mirefu, na papo hapo watu wakagombana ni mitatu ipi. Watu wa Wolde walikuja na mwezi wao wa Pagume, ule wa kumi na tatu, wenye siku tano kwa kawaida na siku sita kila mwaka wa nne, nao walitaka utaratibu wa namna hiyo usioguswa. Kina Okoth walikulia kwenye kalenda ya Februari, inayoongeza siku kila mwaka wa nne na kuzinyima karne nyingi siku hiyo, wakasema hiyo ndiyo ya watu wastaarabu. Masharifu wa mtaa wa chini walileta ule mzunguko wa mwaka wa mwezi, ambamo katika miaka thelathini kumi na mmoja huongezwa siku, wakasahau kwamba mwezi mkubwa wa Mirihi hutokea magharibi na kuzama mashariki, tena zaidi ya mara moja kwa siku, na haufai hata kutegea saa. Na watu wa pwani, kina Mize, walikuwa na Nairuzi, ambayo haikuwahi kuongezwa siku yoyote. Wao waliuacha mwaka utembee, Siku ya Mwaka ikahama polepole kutoka majira hadi majira, na hakuna aliyekufa. Magomvi yalipofika kwenye kurushiana viti, wakakubaliana kwamba hakuna kalenda itakayotawala nyingine. Jua liamue, na mtu mmoja mwaminifu alitazame.

"Unajua Warumi wa kale," Wolde alisema, akiinuka kwa kushika goti, "waliwaachia makuhani wao kazi ya kurefusha mwaka. Makuhani wakairefusha miaka rafiki zao walipokuwa madarakani, na adui zao walipoyapata, miaka ikawa mifupi. Ikafika siku watu wanavuna ngano kalenda ikisema ni majira ya baridi."

"Unaniita kuhani?"

"Nakuhadithia tu, dada. Leo sina kazi nyingine."

Okoth akakunja uso. "Nyinyi, hapa pana sheria. Neno la mhesabu halipingwi na mtu ila na mhesabu mwenyewe, mbele ya watu, kabla ya magharibi ya siku ya nane. Bi Mize, unalipinga neno lako?"

"Silipingi," Mize akasema.

*

Shemsa alipiga hodi jioni hiyo hiyo. Nyumba zao zilikuwa mbili, zimechimbwa ubavu kwa ubavu, zimeshirikiana ukuta mmoja ambao Vuai mwenyewe aliuacha mwembamba kwa uvivu wa kuchimba. Kwa ukuta huo Mize alijua mengi asiyotaka kuyajua. Alijua kwamba kwake Vuai hucheka kwa pua, na kwa Shemsa hucheka kwa kinywa wazi.

"Karibu," alisema, na kabla mgeni hajaketi harufu ilikuwa imeshaingia. Udi. Udi ulipigwa marufuku Bandari Kavu kwa sababu ya vichujio vya hewa, watu wakajifukiza kwa kumbukumbu tu, lakini Shemsa alikuwa na kibanzi chake alichokipata anakokujua mwenyewe, na kila mwaka Vuai akikaribia kuamshwa alikifukiza kidogo chini ya nywele. Mize hakuwahi kumshitaki. Alichofanya ni kumchukia kwa kibanzi kile kuliko kwa mambo mengine yote.

"Dada, nimesikia mwaka ni mfupi."

"Ndivyo jua lilivyosema."

Shemsa akakaa kitako mkekani, mikono mapajani. Alikuwa na miaka thelathini na kitu kwa hesabu ya Dunia na uso ambao haukujua kuficha kitu, na hilo nalo lilikuwa kosa machoni pa mwenzake. "Nilikuwa nimepanga siku ya tisa nimpandishe dirishani, Kioo cha Juu," alisema. "Akione kisima chake cha kwanza. Aliniambia mara nyingi anataka kukiona kwa nuru ya nje, si kwa taa. Nimeshaomba kigari cha kubebea mashine." Akajaribu kutabasamu. "Basi. Kama ni jua, nimwambie nini jua?"

"Siku zako nne unazo. Mpandishe katika hizo."

"Katika hizo kigari ni cha watu wengine. Si kitu. Wewe ndiye unayejua, dada. Mimi hata saa hunishinda kusoma." Akainuka, akaacha mkate wa ufuta uliofungwa kitambaani. "Huo ni wako. Niliupika nikazidisha."

Alipotoka, Mize aliutazama mkate ule kwa muda. Mtu mwenye wivu hapendi kutendewa wema, maana wema humpokonya sababu. Akaukata, akaula wote kwa hasira, na ulikuwa mtamu, na hilo likamuudhi zaidi.

*

Vuai aliamshwa, na kwa siku nne Mize alikuwa tajiri.

Mashine ya pumzi ilikaa pembeni mwa kitanda ikipanda na kushuka, mpira wake umeingia chini ya koo la mgonjwa, naye alizungumza kati ya pumzi na pumzi, maneno machache kila mara. Alikonda. Mikono yake ya uchimbaji ilikuwa imebaki mifupa na makovu. Mize alimwogesha, alimnyoa, alimlisha uji kwa kijiko. Walitaniana kwa mambo ya zamani. Alimkumbusha siku alipokuja kuposa amevaa viatu vya kazini, naye akacheka, kwa pua. Usiku wa tatu alilala ameshika mkono wake, akajiambia kwamba hakuna mwanamke mwingine, hakuna ukuta, hakuna siku ya tano.

Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, Vuai alimuuliza. "Mwaka huu. Mrefu?"

"Mfupi."

Mashine ikapanda, ikashuka. "Duara lilikuwaje?"

Sasa, Vuai ndiye aliyelitoboa lile tundu la Chumba cha Jua. Alilala chali juu ya jukwaa makumi mawili mazima akilichonga kwa mkono, kwa ajili ya mke aliyekuwa ndiyo kwanza amepewa kazi ya mhesabu, na alijua nuru yake inavyotembea kuliko alivyoijua sala. Kumdanganya yeye juu ya duara ni sawa na kumdanganya mpishi juu ya chumvi.

"Lilikuwa limegusa."

"Limegusa kwa kitu gani? Kwa ukingo?"

Mize akajishughulisha na kukunja shuka. Alikunja, akakunjua, akakunja tena. Mume wake alimtazama, na kwa mtazamo ule Mize alijua kwamba ameshajua, na kwamba hakuna haja ya kumwambia mengine.

"Zamu ya nani ilikuwa?" Vuai akauliza, ijapokuwa alifahamu.

"Yake." Halafu yote yakamtoka kwa pamoja, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetapika. "Siku tano, Vuai! Siku tano, na ya mwisho iwe yake! Mimi umenioa kabla yake. Mimi nimekungoja miaka yote hii, mimi ndiye niliyehesabu kila siku uliyolala. Nife na donge hili? Kama mimi sina, na yeye asiwe nayo!"

Mashine ikapanda na kushuka mara kadhaa. Vuai hakuonekana kukasirika. Alionekana amechoka tu.

"Mnanigawa," alisema. "Yako nne. Yake nne. Kama shamba la urithi." Pumzi. "Ile ya tisa, Mize. Hukumpunja Shemsa." Pumzi. "Ilikuwa yangu."

Mize akaweka shuka chini.

"Sikwambii uirudishe," Vuai akasema. "Sina nguvu za kugombana. Niletee chai."

Akamletea chai. Magharibi ilipoingia, saa ambayo siku ya watu wa pwani huanza hata Mirihi, wauguzi walikuja wakaisukuma mashine na kitanda chake hadi mlango wa pili. Shemsa alikuwa amesimama kizingitini amevaa nguo mpya. Mize aliukabidhi mpira wa pumzi mkononi mwake, maana ndivyo ilivyokuwa desturi, akarudi kwake. Haukupita muda, upande wa pili wa ukuta, Vuai akacheka kwa kinywa wazi.

*

Alijaribu kila dawa. Alijiambia kwamba siku moja haimwongezei mtu anayekufa kitu. Alijiambia kwamba ukingo ni kipimo halali, na hata Okoth amekikubali. Alijiambia kwamba angalau wote wawili wamepata sawa, nne kwa nne, na haki ni nini kama si usawa? Hiyo ya mwisho ilimpendeza sana, akakaa nayo siku nzima. Kisha ukutani akasikia mashine ikipanda na kushuka, akakumbuka neno moja tu, *yangu*, na hoja yake ikaporomoka.

Siku ya saba alikwenda bombani kuchota maji. Alimkuta Bi Ruzuna, jirani mwenye binti Nyumba ya Usingizi, akisuka nywele za binti huyo hapo hapo uani, mashine ikihema kando yao.

"Tunaharakisha," Bi Ruzuna alisema, vidole vikikimbia. "Tulitegemea mwaka mrefu, tukaweka harusi ya dada yake siku ya tisa, ili huyu acheze. Sasa tumeirudisha iwe kesho, na bwana harusi yuko kisimani hajapanda. Ataolewa na kofia yake tu." Akacheka, kisha macho yakamjaa maji, akaendelea kusuka. "Ndiyo jua, Bi Mize. Utalifanya nini?"

Mize hakuwa amemfikiria binti wa Bi Ruzuna. Hapo ndipo aibu ilipomshika sawasawa. Wagonjwa wote wa Nyumba ya Usingizi, kila mmoja na siku yake, na yeye alikuwa amezima siku zote hizo kwa pamoja ili mlango mmoja usifungwe. Alirudi nyumbani na ndoo tupu.

Na bado, ukweli usemwe, aibu haikumtosha. Usiku ule alikaa mkekani akajipima, akaona kwamba kama Shemsa asingekuwapo katika hesabu hiyo angekimbia saa ile ile kuirudisha siku. Kilichomkalia kifuani si Bi Ruzuna wala mji. Ilikuwa ni kwenda mbele ya watu na kumkabidhi mwenzake siku ile kwa mikono yake mwenyewe, huku mwenzake anamtazama.

*

Siku ya nane, alasiri, Ukumbi ulikuwa umejaa watu waliokuja kwenye harusi ya Bi Ruzuna. Bwana harusi alikuwa amewahi, na vumbi lake. Mize alipita katikati ya wanawake waliovaa mapambo, akapanda jukwaani walipokaa wapiga ngoma, akainua mkono. Ngoma zikakatika moja moja.

"Nina neno la kalenda," alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Mwaka si mfupi. Mwaka ni mrefu. Naliondoa neno langu, na magharibi bado."

Ukumbi ukalipuka. Okoth alisukuma watu mpaka mbele. "Bi Mize! Nimeshapanga watu wa tanuri! Umekosea vipi? Jicho lilikuponyoka?"

Hapo alikuwa na mlango wa kutokea. Jicho huponyoka, kila mtu ana jicho, angesema ndiyo na watu wangemwonea huruma. Wolde, nyuma kabisa, alikuwa amenyoosha shingo akimtazama, na ilionekana kwamba hata yeye angemsamehe uongo huo.

"Jicho langu ni zima," Mize akasema. "Niliona wivu. Siku ya tisa ilikuwa zamu ya mke mwenzangu, nikaificha."

 Mtu akacheka, mwingine akafyonza, na Bi Ruzuna akasimama na shada la maua ya karatasi mkononi.

"Kwa uke wenza wako?" alipiga kelele. "Umnyime mwanangu siku ya kuishi kwa sababu ya uke wenza wako? Huna haya, Mize! Huna haya mbele ya Mungu!"

"Sina," Mize akajibu, na hakulisema kwa kiburi.

Wolde alikuja akamnyooshea kiganja, na Mize akampa ufunguo wa Chumba cha Jua. Alikuwa ameuvaa shingoni tangu alipopewa kazi ya mhesabu. Okoth alikuwa ameshakwenda kugombana na watu wake wa tanuri. Mize alishuka jukwaani, wanawake wakampisha wakizikusanya nguo zao zisimguse, na alipofika mlangoni ngoma zikaanza tena, kwa nguvu kuliko mwanzo, maana sasa palikuwa na siku nzima mbele yao.

*

Siku ya tisa hakutoka. Alisikia kigari kikija mlango wa pili, sauti ya Shemsa ikiwaamuru wauguzi taratibu, taratibu jamani, kisha magurudumu yakienda. Kutwa ukuta ulikuwa kimya. Walikuwa Kioo cha Juu, wawili, wakitazama kisima kwa nuru ya nje. Aliwawazia wamekaa upande gani, nani ameshika blanketi, Vuai anasema nini kati ya pumzi na pumzi. Watu husema mtu akitenda haki moyo hupoa. Wake haukupoa. Aliona wivu tangu asubuhi hadi jioni, wivu mkavu usio na pa kwenda, na hakujutia alichofanya, na vitu hivyo viwili vilikaa ndani yake pamoja bila kusalimiana.

Walirudi jua likishuka. Baadaye kidogo Shemsa akagonga ukuta kwa ngumi, mara moja tu.

Mize alipoingia alimkuta amekaa sakafuni, kichwa amekilaza ukingoni mwa kitanda. Mashine ilikuwa bado ikipanda na kushuka, ikimsukumia hewa mtu asiyeihitaji. Mize akaizima mwenyewe. Alimfumba Vuai macho, akamfunga kidevu kwa kitambaa, akaunyoosha mkono wake ubavuni. Ndipo akauliza, na alijua anauliza kwa nini, na alijua kwamba Shemsa anajua.

"Ilikuwa kabla ya magharibi, au baada?"

Shemsa akainua uso. "Kabla, dada. Kidogo tu kabla."

"Basi ni siku yako."

"Ni siku yangu," Shemsa akasema, akaanza kulia.

Walimzika asubuhi ya Siku ya Mwaka, tanuri likiwa limeshawashwa na moshi wake ukinuka mji mzima. Wageni walipotawanyika, Shemsa alikuja na godoro lake, akalitandika upande wa pili wa chumba cha Mize bila kuomba ruhusa, akaketi juu yake. Harufu ya udi ilikuwa imekwisha nyweleni.

"Nihesabie eda, dada," akasema.

"Nimenyang'anywa ufunguo. Mwendee Wolde."

"Wolde atanihesabia kwa Pagume. Miezi minne na siku kumi, na hapa hakuna mwezi wa kuaminika. Nihesabie wewe."

"Unaniamini mimi? Baada ya yote?"

"Watu wote wamekusikia ukijianika," Shemsa akasema. "Nani mwingine nimwamini?"

Mize akakaa mkekani, akavuta miguu. Akauhesabu mwezi wa Dunia kwa vidole, kutoka mwandamo hadi mwandamo, akaigeuza hesabu iwe ya siku za huku, ambazo ni ndefu kidogo, akaihakiki. Akaitaja siku ya mwisho.

"Hiyo yangu," Shemsa akasema. "Na yako?"

"Hiyo hiyo."

Shemsa akaitikia kwa kichwa, akajilaza, akaelekea ukutani. Mize hakulala. Alirudia hesabu toka mwanzo, kwa kitovu na kwa ukingo, kwa magharibi na kwa alfajiri, akitafuta, Mungu amsamehe, njia yoyote ambayo kwayo eda ya mke mkubwa ingezidi kwa siku moja. Hakuiona.